Mistari Miwili Iliyoshuka Pamoja

Inspekta alikuwa ameikodolea macho karatasi ile tangu asubuhi, na kadiri alivyoikodolea ndivyo ilivyozidi kumchanganya. Ilikuwa na mistari miwili tu, iliyochorwa na kompyuta. Wa juu ulionyesha mapigo ya moyo wa marehemu profesa siku aliyokufa. Wa chini ulionyesha hesabu ya mionzi iliyokuwa ikitoka kwenye kipande cha madini maabarani mwake. Asubuhi nzima mistari ilikwenda sawia. Mchana ikaanza kuteremka pamoja, bega kwa bega, mpaka ule wa moyo ukakatika. Ule wa madini haukukatika. Jioni, baada ya mwili kutolewa, ulipanda polepole ukarudi palepale ulipokuwa, kama mtu aliyetoka kidogo kununua sigara.

Sasa, moyo wa mzee kusimama, hilo Inspekta alilielewa. Ameshaokota maiti wengi wa namna hiyo. Kilichomtoa jasho ni madini. Madini hayana presha. Hayagombani na mtu wala hayatiliwi sumu kwenye chai. Kwa nini basi yaugue saa ileile na mwenye nayo?

Kituoni walimwita Bwana Taratibu, na aliyeanza kumwita hivyo hakuwa akimsifu. Mkuu wa kituo alikuwa amempa muda hadi alasiri. Baada ya hapo gari lingempeleka mpwa wa marehemu mahakamani akasomewe shtaka la kuua, isipokuwa kama Bwana Taratibu angekuwa na la kusema. Na hakuwa nalo. Alikuwa na mashaka tu, na mashaka hayana mahali pa kujazwa kwenye hati ya mashtaka.

Mambo yalikuwa yamejipanga vizuri mno dhidi ya huyo mpwa. Profesa alikutwa amekufa ndani ya maabara iliyofungwa kwa nje. Ufunguo alikuwa nao mpwa, ambaye pia alikuwa msaidizi wake wa kazi. Siku moja kabla, mke wa profesa alimsikia mpwa akimwambia mjomba wake kwamba yeye hataki jina lake liwekwe kwenye makala ambayo mjomba anaiandika, na kwamba "utakufa na jua lako hilo". Kesho yake mjomba akafa. Sajini, mwanamke mchapakazi asiyependa kuzungushwa, aliona kesi imekwisha zamani na kilichobaki ni ubishi wa bosi wake.

Jua ndilo lililowagombanisha. Profesa, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee wa Jua, aliamini kwamba jua linapochafuka na kutema dhoruba zake angani, hapa chini hutokea mambo mawili: madini yenye mionzi hupunguza kasi yake ya kuvunjika, na mwili wa binadamu hulegea. Wenzake walishikilia kuwa madini hayo huvunjika kwa mwendo wake mmoja, hayaharakishwi wala hayacheleweshwi na kitu. Mzee wa Jua aliwaacha waseme. Kila taarifa ya dhoruba ilipotumwa na kituo cha kutazama jua, alijifunga kifuani mkanda wa kupima moyo, akaketi karibu na madini yake, akapima vyote viwili. Na kila mara, miaka nenda miaka rudi, vyote viwili vilishuka.

"Labda kweli ni jua," Inspekta alimwambia sajini.

"Afande, tukilipeleka jua mahakamani, nani atalitia pingu?"

Inspekta akavaa kofia yake, wakaenda chuoni.

Maabara ilikuwa mwisho wa korido, chumba kidogo chenye dirisha moja la upande wa magharibi. Katikati palikuwa na kisanduku kilichozungushiwa matofali mazito ya risasi ya kuzuia mionzi, na ndani yake kipande cha madini kisichozidi kifungo cha shati, kimeelekezewa kigunduzi cha mionzi. Ukutani kulikuwa na kiyoyozi kinachonguruma, na namba ya kijani usoni pake ikionyesha nyuzi za joto. Kulikuwa na kibaridi kizuri mle ndani. Sajini alisema kama angekuwa yeye asingekufa, angelala.

Jirani wa maabara ile alikuwa mwalimu mwembamba ambaye chuo kizima kilimjua kwa jina la Dokta Hapana. Inspekta alimuuliza kama jua linaweza kupunguza mionzi ya madini. Hapana. Kama madini yanaweza kujipunguza yenyewe mchana na kujirudisha jioni. Hapana. Kama mionzi ya kipande kile ingeweza kumdhuru mtu aliyekaa karibu. Hapana, labda angekila kwa mkate, na hata hivyo angetangulia kuvunjika jino. Mwendo wa madini, alisema, haubadilishwi na jua, mvua wala dua.

"Basi kwa nini mstari umeshuka?"

"Mtu alichukua kipande."

"Na jioni ukapanda."

"Akakirudisha."

Inspekta alimkumbusha kwamba jioni ile chumba kilikuwa kimejaa askari. Mwizi gani arudishe mali mbele ya polisi, tena bila kuonekana? Dokta Hapana alipandisha miwani yake akasema hilo ni swali la polisi, yeye ni mtu wa fizikia. Sajini akageuka dirishani asionekane akicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa amefika na maajabu mawili na sasa ameongezewa la tatu.

Waliporudi kituoni walimkuta mjane wa profesa kwenye benchi la mapokezi, kitambaa mkononi. Alikuwa amegoma kwenda nyumbani mpaka aone kwa macho yake mpwa anapandishwa gari. Inspekta aliketi kando yake, na kwa kuwa hakujua aulize nini, akamwomba amsimulie tu siku za dhoruba zilikuwaje.

Mjane alisimulia kwa uchungu. Taarifa ikishatoka, alisema, yeye huandaa kitanda kabla mume hajarudi. Mzee hurudi miguu imelegea, kichwa kinamgonga, midomo imekauka, na bado anacheka na kusema, umeona, mke wangu, jua limenipitia. Yeye hakuelewa sayansi, lakini mume wake alikuwa akimwelewa. Jua lilikuwa likimchapa, hilo halina ubishi. Siku ile lilimchapa akataka kutoka, na yule binti, huyo mpwa wake, akamfungia.

"Nimemlea mimi yule, baba," alisema. "Mama yake alipokufa nilimpokea kama niliyemzaa. Sikuwa na wivu naye hata siku moja. Ndiyo maana inaniuma hivi."

Inspekta alimpa pole, na pole yake ilitoka moyoni. Kisha akauliza, kwa kukosa la kuuliza, kama dhoruba iliwahi kumkuta mzee mahali pengine. Mjane alifikiri. Mara moja, alisema, alikuwa na mafua, akamkataza kutoka. Dhoruba ilikuwa kubwa, simu hazikushika vizuri siku ile. Mzee alishinda sebuleni na kile kimkanda chake, amenuna.

"Alizidiwa?"

"Azidiwe wapi. Alikula, akalala, akaamka kunigombeza kwamba redio ina kelele."

Inspekta alisimama akiwa na hisia kwamba ameokota kitu, ila hajui ni ufunguo au ni msumari tu. Jua halibagui nyumba. Kama lilimfuata mzee maabarani, lilishindwaje kumfuata sebuleni?

Akaenda mahabusu. Mpwa alikuwa mwanamke anayekaribia miaka thelathini, mrefu, mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi. Alikaa kwenye kijukwaa cha saruji na kuyajibu maswali kwa sauti moja, kama anayesoma maelekezo ya mashine. Chai? Haikuingia chai mle, wala maji. Unyevu huharibu vipimo. Kwa nini mlango ulifungwa kwa nje? Mjomba ndiye aliyeamuru, asije mtu akaufungua bahati mbaya. Akitaka kutoka angegonga. Aligonga? Hakugonga. Yeye alikuwa wapi? Chumba cha pili, chenye kompyuta. Yale maneno ya jua na kufa? Hapo sauti ilimtetereka kidogo. Aliyasema, alikiri, kwa hasira. Hakuamini vipimo vile na mjomba wake hakutaka kusikia.

"Nieleze siku ya dhoruba mlikuwa mnafanya nini, tangu mwanzo," Inspekta alisema. "Usiruke hata kidogo, mimi ni mtu wa taratibu."

Akaeleza. Taarifa ikifika, wanaanza kukitayarisha chumba. Simu zote zinatolewa nje. Pazia zito linashushwa, dirisha linazibwa pembeni kwa gundi ya karatasi. Taa inazimwa. Kiyoyozi kinazimwa, jokofu la korido linachomolewa. Injini za umeme, alisema, huchafua waya na zinaweza kukidanganya kigunduzi, na mjomba hakutaka mtu yeyote aje kusema kipimo chake kilichafuliwa. Siku za dhoruba chumba kilikuwa lazima kiwe safi kuliko siku nyingine zote.

"Na siku za kawaida?"

"Siku za kawaida hazikuwa na haja. Tuliacha kila kitu kinaendelea."

Inspekta alitikisa kichwa kwa heshima, maana alipenda watu makini, akatoka. Alikuwa ameshafika nusu ya korido ndipo simu ya daktari aliyepasua maiti ilipomkuta. Hakuna sumu, daktari alisema. Hakuna jeraha. Marehemu alikuwa amekaukiwa maji kupita kiasi, naye alikuwa akinywa vidonge vya presha vya kutoa maji mwilini na vingine vya kupunguza kasi ya moyo. Mwili uliletwa ukiwa na joto lisilolingana na saa ya kifo. Daktari alidhani ulikaa juani. Inspekta akamwambia ulikuwa chumbani, penye baridi nzuri. Daktari akasema basi yeye hajui.

Inspekta alisimama katikati ya korido, simu bado sikioni na daktari ameshakata. Polisi mmoja akampita, akamuuliza kama yu salama. Baridi nzuri ile, aliiona yeye leo. Leo hakuna dhoruba.

"Sajini," aliita, "turudi chuoni. Na kile kituo cha kutazama jua kinasemaje leo?"

Sajini aliangalia simu yake. Jua lilikuwa limetulia tuli.

Dokta Hapana aliwapokea kwa mashaka lakini akakubali kuonyesha namna ya kuendesha mashine. Wakafanya kila kitu kama mpwa alivyoeleza. Simu nje. Pazia chini. Gundi dirishani. Sajini alizima kiyoyozi, na ile namba ya kijani ikazimika nacho; Inspekta aligundua hapo kwamba mle ndani hakukuwa na kipimajoto kingine. Akajifunga mkanda kifuani, mkanda uleule, akakataa glasi ya maji aliyoletewa, akaketi kwenye kiti cha marehemu. Yeye pia alikuwa mteja wa vidonge vya presha, lakini hilo hakumwambia mtu. Sajini na Dokta Hapana wakaenda chumba cha pili mbele ya skrini, mlango ukafungwa kwa nje.

Mwanzoni alijiona mjinga. Akakaa gizani akisikiliza kimya. Jua la mchana lilikuwa limeshahamia upande wa dirisha, na ukuta ukaanza kutoa joto. Shati likamganda mgongoni. Akajiambia si kitu. Baadaye akajaribu kukumbuka amekuja kufanya nini na jibu likachelewa kuja. Midomo ilikauka. Kichwa kilianza kugonga, kisha kikawa chepesi, na mwili ukawa kama unaelea kwa namna isiyo mbaya sana, hata akafikiria kwamba akifumba macho kidogo hakuna atakayejali. Wazo la kugonga mlango lilimpitia, likaendelea na safari yake.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Sajini alimshika kwapani akamtoa koridoni, akammwagia maji kichwani bila kuomba ruhusa, akampa mengine ya kunywa. Nyuma yake alisimama Dokta Hapana, miwani mkononi.

"Madini?" Inspekta aliuliza.

"Yameshuka," sajini alisema. "Na wewe umeshuka. Vyote viwili, kama kwenye karatasi."

Wakamgeukia Dokta Hapana. Alisema, kwa tabu, kwamba madini hayakushuka. Kigunduzi ndicho kilichopata joto. Kikipata joto hupoteza makali, na miali mingine hukipita bila kuhesabiwa. Kinga yake ya joto ilikuwa ya zamani na mzee aliiamini mno.

"Kwa hiyo kila siku ya dhoruba walizima kiyoyozi ili wapime vizuri," Inspekta alisema polepole, akitafuta njia kama mtu anayepapasa ukuta, "chumba kikapata joto, mashine ikalegea, mzee akalegea. Jioni ile askari wakakiwasha, mashine ikapoa, mstari ukapanda. Na siku nyingine zote kiyoyozi kinawaka, hakuna kinacholegea. Ndivyo?"

"Ndiyo," alisema Dokta Hapana, na sajini alimwangalia mara mbili.

Njia nzima ya kurudi kituoni sajini alikuwa na furaha, maana alikuwa mtu wa haki pamoja na haraka zake. Hakuna muuaji. Kuna uangalifu uliozidi tu. Inspekta alipaswa kufurahi pia, lakini kulikuwa na kitu kinachomkera ndani ya ubongo uliokuwa bado na moto. Alimuuliza sajini alijuaje wakati wa kufungua mlango.

"Nilikuona, afande. Skrini ilikuwa mbele yangu. Mstari wako ulipoanza kwenda chini sikungoja."

Inspekta aliitoa ile karatasi mfukoni, akautazama tena mstari wa juu.

Mkuu wa kituo alisikiliza, akakuna kichwa, akaomba aelezwe tena, akasema hajaelewa vizuri lakini daktari na Dokta Hapana wakiandika hivyo yeye hana kipingamizi; mwanamke aachiwe. Sajini mwenyewe alifungua mahabusu na kuusukuma mlango hadi ukutani. Inspekta akaingia, akaketi kwenye saruji, akamweleza mpwa yote: kiyoyozi, kigunduzi, dirisha la magharibi, vidonge. Hakuhitaji kueleza mara mbili. Aliona kabisa kwamba alipofika kwenye kiyoyozi, yule mwanamke alikuwa ameshafika mwisho kabla yake.

"Nilikizima mimi," alisema. "Siku zote nilikizima mimi."

"Kwa amri yake. Uko huru, dada. Nenda nyumbani."

Mlango ulikuwa wazi. Hakuinuka.

Inspekta angeweza kuondoka hapo, na baadaye alijiuliza kwa nini hakuondoka. Tangu akamatwe alimuuliza alikuwa wapi, alitia nini, alisema nini. Kulikuwa na swali moja hakuliuliza.

"Pale chumba cha pili," alisema, "ulikuwa unaangalia skrini?"

"Muda wote."

"Uliona mstari wa moyo unashuka."

"Niliuona."

"Kwa nini hukufungua?"

Mwanamke aliangalia mikono yake. Alipojibu hakulia, na ingekuwa afadhali angelia.

"Miaka yote nilikuwa nambishia. Nilimwambia ni uzee, ni mashine, ni bahati tu. Tuligombana mpaka nikamtolea maneno yale. Kesho yake nimekaa pale, nikaona yote miwili inaanza kushuka, inashuka kweli, haijawahi kushuka namna ile. Nikasema, kumbe mjomba alikuwa sahihi. Nikasema nikifungua namharibia kipimo, na hiki ndicho kipimo alichokitafuta maisha yake yote. Nilikuwa na furaha, afande. Nilikuwa nimekaa pale natafuta maneno ya kumwomba radhi."

Sajini, mlangoni, aliinamisha uso. Nje dereva alizima injini ya gari ambalo halikuhitajika tena.

"Sasa andika," mwanamke alisema.

Inspekta alitoa kalamu. Kuua hakukuwa kuua, na bahati mbaya lilikuwa neno dogo mno. Alitafuta katika yote aliyofundishwa kosa la mtu aliyemwamini mwenzake siku isiyofaa, na hakuliona. Akabaki ameketi, karatasi nyeupe juu ya goti, mwanamke akimngoja aanze.